Kuhusu sauti ya binti yako

Moshi, Jumapili jioni

Shosti wangu,

Poleni na joto la Dar. Huku tunamshukuru Mungu, vuli imenyesha vizuri, na juzi nilipita kwa mama kule Kibosho, mzima kabisa, migomba imependeza, kitu cha kwanza kuniuliza ni mnapanda kuja huku Krismasi tarehe ngapi, nikamwambia mama hata mimi nasubiri jibu hilohilo.

Sasa ile voice note yako ya dakika nane. Nimeisikiliza mara tatu. Yaani mtoto kamaliza form four, hata wiki mbili hazijaisha, kakaa mezani akawaambia wewe na baba yake kwamba anataka kuwa mwimbaji wa opera, ile michezo ya jukwaani inayoimbwa, awe soprano, ile sauti ya juu kabisa ya kike, na baadae awe mwalimu wa sauti kama mamdogo wa Moshi. Baba mtu akanyamaza, wewe ukaja kuniuliza mimi, "hivi hiyo ni kazi kweli?" Nilitaka kukujibu kwa sauti nikaona hapana, hili jambo ni refu na mimi unanijua nikianza kuongelea koo siishi, bora nikuandikie usome taratibu, hata kwenye foleni ya Kimara utamaliza tu.

Ni kazi. Nakujibu hivyo bila kusitasita kwa sababu ndio inayonilisha. Ila kuna kitu lazima ukijue kabla hujaanza kuulizia vyuo na ada na viza, na hicho kitu sijawahi kukwambia hata wewe.

Unakumbuka ile Krismasi tuliyoimba Haleluya ya Handel, wewe sauti ya pili mimi ya kwanza, tumevaa zile sare za zambarau zinazobana kwapani? Unakumbuka pale kwenye "Mfalme wa wafalme", soprano wanashikilia noti moja, halafu wanapanda ngazi moja, wanashikilia, wanapanda tena, wenzao wote chini wanajibu? Handel alimaliza kuiandika hiyo kazi mwaka 1741, ikaimbwa mara ya kwanza Dublin mwaka 1742, na mpaka leo ukifika pale soprano anajulikana kama anaimba au anapiga kelele. Sisi tulikuwa tunapiga kelele mwaya. Mwalimu wetu alikuwa anatupenda, simlaumu, lakini neno lake lilikuwa moja tu, "toeni sauti!", na sisi tunatoa, mishipa ya shingo imesimama, nikitoka hapo nimekauka koo nakunywa chai ya tangawizi nasema nimebarikiwa.

Hivyo hivyo miaka kumi na kitu. Ibada mbili asubuhi, harusi jumamosi, misiba katikati ya wiki, na wakati huohuo nafundisha shule ya msingi darasa lina watoto zaidi ya tisini, naongea juu ya kelele zao kutwa nzima. Mwaka ule nilipokwambia siji kuimba kwenye send-off ya mdogo wetu kwasababu nina mafua, sikuwa na mafua. Nilikuwa sina sauti. Nilikuwa nafungua mdomo inatoka pumzi na kitu kama mlango unaokwaruza. Nikaenda hospitali, daktari wa masikio pua na koo akanipitishia kamera nyembamba puani nikaona kwenye skrini nyuzi zangu za sauti mwenyewe, mbili, nyeupe kidogo, na katikati kila upande kauvimbe kadogo kama punje ya mtama. Vinundu. Akaniambia ni sugu, kama ile ya kiganjani kwa mtu anayelima, ni za kusuguana. Akasema nyamaza. Nikauliza muda gani, akasema kwanza anza leo.

Nilificha kwa sababu niliona aibu. Kila mtu alikuwa ananiita yule wa sauti ya malaika, sasa malaika gani anakwaruza.

Ndo kipindi hicho nikamsoma Jenny Lind, na hapa naomba univumilie maana huyu mama nampenda kama nilikua nae mtaa mmoja. Msweden, amezaliwa 1820, soprano, akiwa binti mdogo tu tayari ni nyota kwao Stockholm, anaimba opera usiku baada ya usiku, na alipofika miaka ishirini sauti ikaanza kumkimbia. Mwaka 1841 akafunga safari mpaka Paris kwa mwalimu mmoja anaitwa Manuel García. Akamwimbia. García hakuanza kumfundisha, alimwambia akapumzike kwanza, asiimbe kabisa na asiongee ovyo, wiki sita, ndio arudi. Fikiria umetoka Sweden yote ile, enzi za meli na magari ya farasi, na mwalimu anakwambia nenda kanyamaze. Akaenda akanyamaza. Aliporudi ndo wakaanza moja, pumzi, sauti laini, ngazi polepole, karibu mwaka mzima. Huyo ndiye aliyekuja kwenda Marekani mwaka 1850 watu wakagombania tiketi mpaka zikapigwa mnada, akaimba maonyesho zaidi ya 90, na hela nyingi akapeleka kwenye misaada, shule za kwao zikiwemo.

Halafu sikiliza hii. Jukwaa la opera aliliacha mwaka 1849, hana hata miaka thelathini. Akabaki na matamasha. Na mwaka 1883 chuo cha muziki cha Royal College of Music kilipofunguliwa London yeye akawa profesa wa kuimba. Kwahiyo binti yako akikwambia soprano halafu mwalimu, usidhani anaongea mambo mawili, hiyo njia ni ya zamani na imenyooka.

Na García mwenyewe, unajua aliingiaje kwenye kufundisha? Alikuwa mwimbaji, sauti ikamharibikia kijana. Kisha ndiye mtu anayekumbukwa kwa kuziona nyuzi za sauti zikifanya kazi ndani ya mtu aliye hai, mwaka 1854, kwa kioo kidogo cha daktari wa meno na mwanga wa jua, akijitazama koo lake mwenyewe. Aliishi miaka 101. Siku niliposoma hayo nililia, nikiwa peke yangu jikoni, mtori unaungulia. Nilikuwa nimeshaamini nimeisha.

Nilinyamaza miezi miwili na kitu, naandika kwenye kidaftari nikitaka chumvi. Sinong'oni pia, maana wengi hawajui kunong'ona kwa nguvu kunaweza kuchosha koo vilevile. Vinundu vikapungua, bila kisu. Nikaacha shule, nikaenda chuo cha Makumira pale Usa River kusoma muziki, mtu mzima naketi na watoto wa miaka ishirini, na mambo niliyojifunza mwaka wa kwanza kuhusu pumzi tu ni mambo ambayo ningeambiwa nina miaka kumi na nne ningekuwa mtu mwingine. Au ningekuwa huyuhuyu, sijui, ila bila kukwaruza.

Sasa ngoja nikuonyeshe kazi yenyewe ilivyo, maana najua unaona nimekaa tu na kinanda napiga do re mi.

Nina binti mmoja anatoka Pasua, miaka kumi na saba, mama yake anauza ndizi Mbuyuni. Sauti ya kwanza, kubwa, lakini akifika juu inakatika kama betri imeisha, halafu anaongeza nguvu, shingo inakaza, bega linapanda. Jumamosi iliyopita saa tatu asubuhi alikuja, mlima umefunguka kabisa, kweupe, na mimi siku mlima ukiwa wazi nafundisha dirisha likiwa wazi. Kwanza nikamlaza kwenye mkeka, nikamwekea pakiti ya unga kilo moja juu ya tumbo. Nikamwambia usiimbe, vuta pumzi unga upande, toa kwa "sss" unga ushuke taratibu, usidondoke. Mara ya kwanza sekunde tisa. Mara ya sita ishirini na moja. Hajaimba noti hata moja na tayari tumetumia dakika ishirini.

Akasimama. Nikampa glasi ina maji nusu na mrija. Nikamwambia ingiza mrija kwenye maji sentimita mbili, toa sauti ya "uu" humo humo kwenye mrija, panda na ushuke kama king'ora cha ambulensi, sitaki kusikia maneno nataka kuona mapovu. Mapovu yakawa yanatoka sawasawa, bu bu bu bu, akipanda juu yakatulia, nikamwambia hapo hapo, hapo ndipo unapokazaga shingo, rudia mapovu yasikatike. Hicho kimrija kinafanya upepo urudi nyuma kidogo uzisaidie nyuzi zikutane bila kugongana. Kitu cha bei ya pipi! Mara nane, mara tisa. Halafu nikamtoa mrija mdomoni ghafla nikabonyeza kwenye kinanda noti ya A ya juu nikamwambia fungua mdomo, "a", usifikirie.

Ikatoka.

Shosti, ikatoka ikiwa imetulia, bila bega, bila shingo, ikajaa chumba, glasi mezani ikawa inalia kidogo. Ile A ya juu, nyuzi za sauti zinakutana na kuachana mara 880 kwa sekunde moja, kitu kidogo kinachokaa ndani ya koo la mtoto wa Pasua, na nje dereva wa bodaboda aliyekuwa anasubiri abiria akageuka kuangalia dirishani. Yeye mwenyewe akaziba mdomo kwa mikono miwili akaniangalia kama ameiba kitu. Nikamwambia ni yako hiyo, ilikuwepo siku zote. Tukairudia mara tatu tu nikafunga kinanda. Alitaka kuendelea nikamkatalia. Kujua saa ya kufunga kinanda ndo nusu ya ualimu wangu wote.

Na nikwambie kingine kinachonifurahisha, sisi waswahili tumezaliwa na mtaji. Irabu zetu tano ziko wazi, a e i o u, hazipindi, na karibu kila silabi inaishia kwenye irabu, kama Kiitaliano, ndio maana Kiitaliano kinawaingia watoto wangu haraka kuliko wanavyotegemea. Halafu kuna ile "ng'" ya ng'ombe. Walimu wa sauti wa ulaya wanahangaika kuwafundisha wanafunzi wao washikilie hiyo sauti mwanzo wa neno, eti ipeleke mtetemo usoni, mimi nawaambia tu watoto shikilieni ng'ombe kabla hajatoka zizini, "ng'ng'ng'", wanacheka, wameshaipata. Na ile brrr ya midomo wanayofanya watoto wa miaka minne wakiendesha gari la maboksi, hiyo ni zoezi la waimbaji wa opera duniani kote.

Haya turudi kwa mwanao. Kuna dada anaitwa Pretty Yende, mtafutieni msikilize wote, na baba yake akiwepo. Soprano, Msauzi, kazaliwa 1985, mji mdogo wa Piet Retief, kakulia kwenye kuimba kanisani na nyumbani. Ana miaka kumi na sita akasikia kwenye tangazo la ndege kwenye TV wanawake wawili wanaimba pamoja, kesho yake akamuuliza mwalimu shuleni kile ni kitu gani, akaambiwa ni opera. Alikuwa anawaza uhasibu huyo! Akaenda kusoma Chuo Kikuu cha Cape Town, akatoka hapo akaingia akademia ya La Scala, jumba la opera kule Milan, mwaka 2011 akashinda Operalia, mashindano ya waimbaji wa opera, 2013 akaimba jumba la Metropolitan Opera New York kwa mara ya kwanza, na mwaka 2023 akaimba Westminster Abbey kwenye kutawazwa kwa Mfalme Charles. Hesabu mwenyewe toka lile tangazo mpaka New York, ni kama miaka kumi na mbili, na kila siku ya hiyo miaka kuna mwalimu anamsikiliza.

Hapo ndo nataka wewe na shemeji muelewe. Sauti ya mwanamke kwa aina hii ya uimbaji inakomaa polepole, miaka ishirini na tano huko bado haijakaa sawa, kwa sauti kubwa nzito hata thelathini na kuendelea. Leontyne Price, yule mmarekani mweusi ambaye mama yake alikuwa mkunga na mwimbaji wa kwaya ya kanisa kule Mississippi, aliingia Metropolitan mwaka 1961 ana miaka 33, na akaiaga opera mwaka 1985 bado sauti ipo. Miaka ishirini na nne juu. Mtu akimwambia mwanao wa miaka kumi na saba aimbe nyimbo nzito za opera atumie video, mkimbie huyo mtu.

Hela. Najua unasubiri hapa. Hapa kwetu hakuna jumba la opera, tusidanganyane. Soprano wa huku anakula kwa vipande vipande, mimi nina wanafunzi kumi na mmoja, elfu kumi kwa saa kwa anayeweza na bure kwa wawili akiwemo wa Pasua, nafundisha siku mbili shule ya kimataifa, nasimamia kwaya, naimba harusi na matamasha ya Pasaka na Krismasi. Nimejenga vyumba vitatu Rau kwa hiyo sauti. Kuna miezi kama ya Februari naishi kwa mboga za uani. Akienda nje, Ujerumani wana majumba ya opera mengi yanayoendeshwa kwa hela ya serikali, na mtu anaweza kuajiriwa kwenye kwaya ya opera akalipwa mshahara kama mfanyakazi yeyote, ila anashindana na dunia nzima, na anatakiwa Kiitaliano, Kijerumani, Kifaransa, kusoma nota bila kubabaika, na moyo wa kuambiwa hapana asubuhi na kuimba tena jioni.

Na ualimu usiuhesabu kama pa kuangukia. Kuna mama mwingine, Camilla Williams, soprano, mwaka 1946 aliimba kwenye opera ya Madama Butterfly na kikundi cha New York City Opera wakati ambapo mwanamke mweusi kupewa nafasi kama ile ilikuwa haijazoeleka kabisa. Mwaka 1963 kwenye yale maandamano makubwa ya Washington yeye ndiye aliimba wimbo wa taifa. Halafu mwaka 1977 akaenda kufundisha sauti Chuo Kikuu cha Indiana, miaka ishirini. Mimi nikifika kwenye hiyo miaka ishirini huwa nasimama. Ni masikio mangapi yale, ni wasichana wangapi aliwaambia shusha bega, funga kinanda, kanywe maji, kesho.

Kwahiyo ombi langu ni hili. Msimkatalie na msimkimbize. Mkija Krismasi mwacheni kwangu, abaki mpaka form five ianze Julai, kitanda kipo. Simlipishi, mwana wa dada yangu simlipishi, mchango wa unga na mafuta nitapokea. Nitamsikiliza kama mwezi hivi ndo nikwambie ukweli, na kama hana nitakwambia hana, unajua siwezi kukudanganya kwenye hili. Kama anayo tunaanza pumzi, solfa, kinanda kidogo, Kiitaliano, na masomo ya shule anaendelea nayo, hilo halina mjadala, shemeji mwambie hivyo kutoka kwangu.

Kuanzia leo mwambie mambo mawili. Aache kuimba juu ya lile spika la sebuleni, anashindana na mashine. Na aache kukohoa ili kusafisha koo, nimemsikia kwenye ile voice note nyuma yako, kakohoa mara nne. Ameze mate au anywe maji.

Aje na daftari na chupa yake ya maji na sweta la asubuhi. Mazoezi ya kwaya ni Jumatano na Ijumaa saa kumi na moja jioni, mwaka huu tunaimba tena Haleluya, safari hii bila kupiga kelele, na sauti ya pili nimepungukiwa na mtu mmoja, kiti nimekuwekea. Nijibu tarehe nimwambie mama.

Wako,
Mamdogo wa Moshi